Kamba Yangu Iko Kirando

Vijana wangu, kabla hamjashika tezo, jifunzeni kushuku. Najua mmefundishwa kanisani kwamba kumdhania mtu vibaya ni dhambi, na mimi sitaki ugomvi na padri. Lakini padri hachongi kafi. Anayechonga kafi anamkabidhi mtu kipande cha ubao, na mtu yule anakwenda nacho mahali ambapo mguu haufiki chini. Kama kuna uongo wowote ndani ya ule ubao, ziwa litaugundua. Mimi nimeona ni afadhali niugundue mimi kwanza, nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu na chai yangu pembeni.

Kazi hii nilifundishwa na baba yangu mkubwa, Alkado, hapa hapa Chanji, kwenye kibanda cha nyuma ambacho sasa mnakiona kimejaa kuku. Watu wengi huniuliza fundi wa makafi anatafuta nini Sumbawanga, juu huku kwenye baridi, wakati ziwa liko kule bondeni. Jibu ni upepo. Kule ziwani ubao haukauki, unajifanya umekauka. Huku kwetu, ukishafika ule msimu wa kupasuka midomo, ubao wa mninga uliokaa darini jikoni ukila moshi unakuwa mwepesi na unatulia, haupindi tena. Wavuvi wa Kirando walilijua hilo zamani. Waliagiza makafi kwetu, nayo yakashuka kwenye malori yaliyokuwa yamepandisha dagaa.

Majirani hawakuamini habari za upepo. Mtu anayechonga makafi pasipo na maji, walisema, ana maji yake anayoyajua mwenyewe. Wengine walisema wazi kuwa ni makafi ya kupigia ungo, ule unaopaa na wachawi. Siku moja mama mmoja aliyekuwa anatoka misa alinikuta nimebeba kafi jipya begani.

"Fundi, hilo linakwenda wapi?"

"Kirando, mama."

"Kwa njia gani?"

"Kwa basi."

Alinitazama mimi, akalitazama kafi, akafanya ishara ya msalaba akavuka upande wa pili wa barabara. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningemwona mtu na jembe katikati ya ziwa, ningemshuku.

Baba mkubwa Alkado aliushuku ubao kabla ya kumshuku mtu. Wauza mbao wana ujanja wao, mjue. Ufa wanauziba kwa vumbi la msumeno lililochanganywa na gundi, wanasugua udongo juu yake, wanakuuzia huku wanakuulizia habari za watoto. Ukiona muuza mbao anaulizia watoto sana, utazame ubao upya. Alkado hakubishana nao. Aliulowesha ubao wote kwa kitambaa, akauweka juani, akaenda zake kunywa chai. Akirudi, ubao umekauka wote isipokuwa mstari mmoja mwembamba ambao bado una maji. Ufa huo hapo. Anaunyanyua, anaurudisha kwa mwenyewe, anamwambia asante, watoto hawajambo.

Baada ya hapo anautundika kwa kamba na kuugonga kwa kifundo cha kidole, kutoka juu kwenda chini. Sauti ikifa katikati, kuna kuoza ndani. Mwisho anachukua kipande cha pembeni na kukipasua kwa shoka ili aone nyuzi za mti zinakwenda wapi. Hakukikata, alikipasua. Alisema msumeno unaficha tabia ya mti, shoka linaitoa. Nyuzi zikikimbilia pembeni, ubao huo ni wa kiti au wa mlango, si wa kafi. Nyie siku hizi mna randa za umeme, ubao unatoka laini unang'aa, mnadhani mmemaliza. Laini si lolote. Hata mwongo ana sura laini.

Ubao, hata hivyo, ukiuliza vizuri utajibu. Mwenye taabu ni binadamu anayekuja kupimwa. Kafi ni kama kiatu, la mwenzio litakuumiza. Likizidi urefu, bega linakufa. Likipungua, mgongo unainama na maji yanakuingia mapajani. Mpini ukiwa mnene, vidole vinachoka kufumbata. Kwa hiyo lazima umpime mwenyewe, na mwanamume akipimwa, ananyanyua visigino. Sijui ni kwa nini. Hata mrefu hunyanyua.

Alikuja kijana mmoja kutoka Chala na mchumba wake, anataka kafi la kwendea kuvua kwa mjomba wake. Alkado alimpima, tukachonga, akaondoka nalo. Akarudi amefura kwa hasira: kafi refu, fundi gani huyu. Baba mkubwa akamwomba mchumba aende jikoni akasaidie kuchambua mboga, kisha akampima kijana upya. Alikuwa amefupika. Tulikata mpini, tukachonga kishikio upya. Tangu siku hiyo nikipima mtu simtazami usoni, natazama visigino.

Sasa nifike kwenye kamba, kwa sababu habari yangu yote iko kwenye kamba.

Hatukupima kwa futi. Futi za mafundi nyingi zimekatika ncha, kila mtu anaanza kuhesabia pake, halafu namba zikisafiri kwa mdomo zinafika zimebadilika. Tulitumia kamba ya katani, maana nailoni inavutika. Kamba moja inatosha. Urefu wake wote ndio urefu wa kafi. Mafundo mawili yanaonyesha mashiko, yaani pale mikono inapokamata. Kitanzi cha mwishoni kinaonyesha unene wa mpini: gumba na kidole cha kati vizunguke na kugusana. Mteja wa mbali anajipima nyumbani, anampa konda wa basi kamba, konda ananiletea.

Lakini kwetu kamba ya kumpimia mtu ina kazi nyingine inayojulikana na wote. Mtu akifariki, seremala ananyoosha kamba kutoka utosini hadi kisiginoni, anaikata, anakwenda nayo kwenye mbao za jeneza. Kwa hiyo ukimwambia mtu mzima asimame wima umpime kwa kamba, moyo unamdunda. Tena kamba ikibaki kwako, kimo chake kimebaki kwako. Mwenye nia mbaya ataizika, au ataichoma, au ataifunga mahali. Ndivyo watu wanavyosema. Mimi sitawaambia kama naamini au siamini, hilo ni langu. Nawaambia tu desturi ya baba mkubwa: kamba inarudi na kafi. Unaifunga kwenye mpini, mwenyewe anaifungua kwa mkono wake. Kafi likifika bila kamba, mteja ana haki ya kulikataa, nawe huna haki ya kununa.

Baba mkubwa alishafariki, nami nimebakiza kazi za hapa na pale, siku nilipopigiwa simu na binti mmoja.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Zuhura, wa Kirando. Marehemu baba yangu alikuwa Rajabu. Ulimchongea kafi."

Rajabu nilimkumbuka mara moja. Alikuwa mvuvi mrefu sana, viganja kama sahani, na mkono wake wa kushoto haukunyooka kwa sababu aliuvunja utotoni ukaungwa vibaya. Alipiga kafi akiwa amesimama, kwa hiyo la kwake lilimpita yeye mwenyewe kimo, na mashiko yalikaa karibu karibu kwa ajili ya ule mkono. Dhoruba ilimkuta ziwani. Kafi lilirudi ufukweni kwanza, yeye akapatikana baadaye.

Zuhura alinieleza shida yake. Karibu na kwao kuna kambi ya wageni wanaokuja kuzunguka visiwa kwa kayaki, vile vijitumbwi vyembamba vya plastiki ambamo mtu anakaa peke yake miguu ameinyoosha. Kafi lake lina bapa pande zote mbili, unachota kulia, unachota kushoto. Alikuwa anajifunza kazi ya kuwaongoza wageni. Tatizo ni kwamba makafi ya kambi yalipimwa kwa watu wa kwao huko, warefu, na bega lake lilikuwa limevimba. Meneja alikuwa amemwambia kwamba kabla msimu wa wageni haujaanza wataenda pamoja hadi kisiwani na kurudi. Akishindwa, nafasi anapewa mwingine. Na nyumba nzima ilikuwa inamtegemea yeye tangu baba yake afe.

"Nikutumie namba kwa WhatsApp, babu?"

"Usinitumie namba. Nitumie kamba."

Nikamweleza. Asimame peku, ainue mkono, vidole vikunjike juu ya ncha ya kamba iliyoanzia chini: huo ndio urefu. Aweke fimbo utosini, viwiko vikae kama kona ya mlango: hayo ndiyo mashiko. Kisha pete ya vidole. Alirudia kila neno. Nikaridhika, na mimi kuridhika si kawaida yangu.

Konda akaleta kamba. Nilikishika tu kile kitanzi, nikajua kuna jambo. Kilikuwa kipana mno. Nikampigia.

"Binti, una viganja vikubwa?"

Akacheka. "Vidogo, babu. Hata pete ya mdogo wangu inanipwaya."

"Kamba ulijipima mwenyewe?"

"Mama alinishikia. Na yeye ndiye aliyeipeleka kwa konda, mimi nilikuwa majini."

Nikamuaga. Niliilaza kamba juu ya benchi nikainyoosha. Ilikuwa ndefu kupita hata ya wale wageni warefu, na yale mafundo mawili yamekaribiana, tena yamesogea upande mmoja. Yule hakuwa binti wa Kirando aliyesimama peku. Yule alikuwa Rajabu.

Nawaambieni kweli, niliogopa. Mtu gani anakuletea kimo cha marehemu kwenye karakana yako, halafu anakuambia uchonge? Nilifikiri yote. Nilifikiri wananijaribu. Nilifikiri nikichonga kafi la maiti, kazi yangu ya mwisho itakuwa hiyo. Mke wangu Leonsia aliingia akanikuta nimesimama mbali na benchi langu mwenyewe.

"Una nini?"

"Kamba hii ni ya mtu aliyekufa."

"Basi ichome."

"Nikichoma kamba ya mtu bila kujua imetumwa kwa nia gani, nitakuwa nimefanya nini?"

Leonsia alinitazama. "Wewe humwamini hata kuku anapotaga, unainua yai unaliangalia juani. Nenda Kirando ukaulize. Na ufunge unga wa ulezi, usiende kwa watu mikono mitupu."

Hapo ndipo mjue jambo lililokuwa linaniuma. Kama ningechonga tu nilichoagizwa, Zuhura angeketi kwenye kayaki na kafi la baba yake, refu, nene, la mtu wa kupiga amesimama. Bega lingemalizika kabla hajakifikia kisiwa. Na fundi angekuwa nani? Mimi.

Nikapanda basi. Chala, Namanyere, halafu barabara inaanza kushuka na mtu unavua koti, unavua sweta, unabaki unajipepea. Mimi ziwa silipendi. Sijui kuogelea, na kitu kikubwa kinachotulia hivyo nakishuku. Nilimkuta mama yake Zuhura anaanua dagaa kwenye chanja. Mama mnene kidogo, kanga kiunoni, macho hayapepesi.

"Fundi wa Sumbawanga kashuka mwenyewe," alisema. Hakuniuliza nimefikaje.

Alinikaribisha mkekani. Nikampa unga wa ulezi, akaushukuru na kuuacha pale pale mlangoni, nje. Akaniletea mgebuka wa kuchoma, nikasema nimeshiba, ingawa tangu asubuhi sikuwa nimeweka kitu mdomoni. Tukakaa tunatazamana, unga wangu nje, samaki wake katikati, inzi ndio walionufaika. Zuhura alipotoka majini, nywele zimelowa, akiniamkia kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili hauinuki, nikatoa kamba.

"Mama Zuhura, hii ni ya nani?"

"Ya mteja wako."

"Mteja wangu huyu, au yule wa kwanza?"

Zuhura akaichukua kamba, akaiweka kwenye mwili wake, ikamzidi pale pale mbele ya macho yetu. "Mama, hii siyo niliyokupa."

"Siyo," mama akasema. "Ile yako niliichoma. Hiyo nilipima kwenye kafi la baba yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mfu harogwi." Kisha akanigeukia mimi. "Usinune, fundi. Jina la Sumbawanga, nyie wenyewe mnasema maana yake ni tupa uchawi. Haya, mlipoutupa, mliutupa wapi? Nyinyi mko juu, sisi tuko chini. Kitu kikitupwa huenda wapi? Nilimpoteza mume kwenye haya maji. Sina mtoto mwingine wa kazi. Nimtie kimo chake kwenye basi, kipande Sumbawanga, kikalale kwa mtu nisiyemjua? Nikasema, akitaka kuroga, amroge Rajabu. Rajabu yuko salama."

Vijana, nilitaka kukasirika nikashindwa. Maana mimi ningekuwa ni yeye, ningefanya vile vile. Nilikuwa nimekutana na mtu anayeshuku kama mimi, na jambo hilo lilinifurahisha kuliko nilivyotarajia. Lakini Zuhura alikuwa analia kwa hasira. Meneja alikuwa ameshataja siku. Aliniomba nimpime mara moja niondoke, na mama akasema hapimwi.

"Mkono huu utamlisha nani, mama, siku nikikosa kazi?" Zuhura alisema. "Utashiba kwa kunitazama?"

"Bora nikuone huna kazi kuliko nisikuone."

Huwezi kumwambia mama aliyezika mume asiogope. Nilichokuwa nacho ni kamba. Nilikuwa na kipande kingine cha katani mfukoni, fundi hasafiri bila kamba. Nikavua viatu, nikasimama ukutani.

"Nipime mimi," nikasema.

"Nikupime wewe nikuchongee nini?"

"Hunichongei kitu. Pima kimo changu chote, kutoka utosini mpaka chini, ukate, ukae nacho. Mimi nachukua cha mwanao, wewe una changu. Mwanao akipata hata mafua, unajua la kufanya."

Alinitazama kwa muda mrefu, anatafuta ujanja uko wapi. Naheshimu sana mtu anayetafuta ujanja. Akachukua kamba. Akanipima taratibu. Alipofika chini alisimama.

"Kanyaga, fundi."

"Nimekanyaga."

"Umenyanyua visigino. Sitaki kimo cha uongo."

Kweli nilikuwa nimenyanyua. Sijui ni kwa nini. Nikakanyaga, akakata kamba, akaifunga kwenye pindo la kanga yake mafundo mengi. Kisha akamwambia mwanawe asimame. Nikampima Zuhura mbele yake, visigino chini, na mama akakagua kila fundo nililopiga. Baada ya hapo akachukua samaki yule, akamega, akala yeye kwanza. Ndipo na mimi nikala. Alikuwa amepoa na ndiye samaki mtamu kuliko wote niliopata kula. Nilipokuwa natoka, ule unga wangu wa ulezi ulikuwa umeshaingizwa ndani.

Nilirudi Chanji nikashusha ubao wa mninga niliokuwa nimeutunza darini siku nyingi bila kujua ni wa nani. Kafi la pande mbili lina hila zake, sikilizeni. Bapa moja likizidi jingine uzito hata kidogo, mwenye kulipiga hataona, ila mkono mmoja utachoka kabla ya mwenzake na atadhani ni yeye mdhaifu. Usitegemee kulipima kwa kulilaza juu ya kidole tu, kidole nacho kina mazoea. Nililipeleka kwenye bwawa la kunyweshea ng'ombe nikaliachia lielee majini. Likazamisha upande mmoja kidogo. Nikakwangua kwa kipande cha chupa, nikarudi bwawani. Wachungaji walikuwa wamekusanyika kunitazama napiga kafi kwenye bwawa la ng'ombe nikiwa nimesimama kwenye nyasi, na sina shaka habari zilifika sokoni kabla yangu. Mpini niliuacha mwembamba wa vidole vyake, nikaupaka mafuta ya mawese, nikaufuta, nikaupaka tena. Nikafunga kamba yake kwenye mpini, fundo la kufunguliwa na yeye. Konda akalichukua.

Baada ya kulijaribu, Zuhura akanipigia. "Babu, kafi zuri sana!"

"Sijakuuliza kama ni zuri. Linauma wapi?"

"Haliumi popote."

"Nenda ukatafute."

Liandikeni hili moyoni. Mteja akikusifia, hajakuambia kitu. Kesho yake akapiga tena akasema gumba la kushoto linachubuka kidogo pale mpini unapokutana na bapa. Sasa nikamwamini. Nikamwambia asugue kwa msasa mahali pale, asizidishe.

Siku ya meneja mimi sikuwepo, na mambo ya simu huwa nayachuja, lakini hili nimelithibitisha kwa watu zaidi ya mmoja. Walikwenda hadi kisiwani na kurudi. Meneja ndiye aliyeomba wapumzike. Zuhura akapata kazi, na mpaka leo anaongoza wageni kwa kafi lile lile, ameshabadilisha kayaki lakini kafi hajabadilisha. Nilifurahi mpaka Leonsia akaniuliza kama naumwa.

Ikabaki kamba yangu. Mimi nilikuwa nimerudisha ya Zuhura kama desturi inavyotaka. Nikampigia mama yake, nikamwambia kwa heshima zote, mama, kazi imekwisha, nirudishie kimo changu.

"Kazi imekwisha wapi, fundi? Si yuko majini kila siku? Siku akiacha ziwa, nitakurudishia."

"Tulikubaliana kuhusu kafi."

"Tulikubaliana kuhusu mwanangu."

Basi. Miaka inakwenda, Zuhura haachi ziwa, na mimi kimo changu kiko Kirando kwenye pindo la kanga. Nikijikwaa nafikiria Kirando. Nikikohoa nafikiria Kirando. Kipindi cha baridi kilichopita nililazwa, kifua kimebana, daktari anatikisa kichwa. Simu ya kwanza kupigwa haikuwa ya ndugu zangu wa Milepa, wala ya jumuiya yetu ya kanisani. Ilikuwa ya yule mama.

"Fundi, nimesikia unaumwa. Kamba yako ipo, sijaigusa. Nimeitoa kwenye kanga nimeiweka sandukuni, panya wasije wakaing'ata. Usije ukanisingizia."

"Umejuaje kama naumwa?" nikamuuliza.

Akakata simu. Keshokutwa yake konda akaleta wodini mfuko wa migebuka iliyokaushwa vizuri, na karatasi ya kufungia ilikuwa imefunguliwa, mmoja wa samaki amemegwa. Alikuwa ameonja kwanza. Nikaingia chini ya shuka nikalia, wauguzi wakadhani ni kifua.

Nimepona, nimestaafu, na tezo nimewaachia nyie. Siku nitakapoondoka, msimtafute mchawi, wala msiache watu wakae msibani wanatajana majina. Mzee amezeeka, amekwenda, mwisho. Nendeni Kirando mkamsalimie yule mama, mumwombe kamba yangu, naye siku hiyo ataitoa, namjua. Mnipimie nayo jeneza. Ni ya katani, haivutiki, na visigino vilikuwa chini.

Ila kabla hamjakata mbao, nipimeni tena kwa mkono wenu. Yule mama namwamini, lakini anaweza akawa amewapa ya Rajabu.